Mkuu, usisaini hiyo barua ya boti Ijumaa

Kwa waliochelewa: mleta uzi ana vijana 14 wa Kigamboni wanaotaka kuanzisha kikundi cha kujitolea cha kuokoa watu ufukweni. Ameuliza katiba iweje, wasajili wapi, sare ziwe rangi gani, na klabu za Australia zinapata wapi pesa. Halafu mwishoni kabisa, kama anataja hali ya hewa, anasema kuna mfadhili ameahidi boti ya mpira yenye injini ya HP 25, na barua ya kupokea inasainiwa Ijumaa.

Usisaini. Mengine yote yanaweza kusubiri.

Boti ya bure ndiyo mali ghali kuliko zote ambazo kikundi cha kujitolea kinaweza kumiliki. Piga hesabu na mimi. Injini hiyo ya stroku mbili ukiifungulia mafuta mpaka mwisho inakunywa kama lita 10 kwa saa. Boti ya uokoaji isiyofanyiwa mazoezi kila wiki ni pambo, kwa hiyo weka saa 2 kwa wiki. Wiki 52 mara lita 20 ni lita 1,040 za petroli. Mafuta yanachanganywa 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa kila lita 20, hivyo ongeza karibu lita 21 za oili. Hapo hujaokoa hata kuku.

Bado chumvi. Kila boti inaporudi, injini inaoshwa ndani kwa maji baridi dakika 10 hivi, ikiwa inanguruma. Nasema maji ya bomba, siyo ya kile kisima chenu chenye chumvi ya kutosha kuungia mchuzi. Mchanga wa maji mafupi unakula mapanga ya mpira ya pampu ya maji. Ule mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya injini ukishakuwa mwembamba, zima hapo hapo, la sivyo injini inapika. Mapanga hayo badilisha kila mwaka hata kama yanaonekana mazima. Plagi ziwepo za akiba. Boti yenyewe kama ni ya PVC, jua la Dar linafungua gundi ya maungio, kwa hiyo lazima kibanda chenye kivuli, na usiiache mchana imejazwa upepo mpaka inalia kama ngoma, maana hewa ikipata joto inatanuka.

Na itapinduka. Siyo "ikipinduka". Boti za namna hii zimetengenezwa kupita kwenye mawimbi, na wimbi halisomi katiba yenu. Injini ikizama kwenye maji chumvi, adui ni hewa kuliko maji: ikitoka tu nje, kutu inaanza. Fungua kifuniko, osha yote kwa maji baridi, toa plagi, ilaze matundu yaangalie chini, vuta kamba taratibu mpaka maji yaishe. Ikigoma kuvutika, acha, usitumie nguvu, utapinda kitu ndani. Mwaga mafuta ya kwenye kabureta na tangi, yameshaingia maji. Nyunyizia oili ndani ya silinda, funga plagi mpya, iwashe siku hiyo hiyo na uiache ifanye kazi nusu saa. Fundi hayupo mpaka kesho? Izamishe kwenye pipa la maji baridi ilale humo. Watu watakucheka, wacheke. Injini iliyoachwa usiku mmoja kwenye mchanga "ikauke" inaamka chuma chakavu.

Sasa nani anamlipa huyo fundi? Mfadhili? Mfadhili atakuwa ameshapiga picha na kuondoka. Kuna mabwana wa semina wanaozunguka na msemo wao: "Pateni kifaa kwanza, bajeti itajileta." Sisi kwenye kikundi chetu tuliwaamini. Ilijileta kweli, kwa jina la deni. Hao hao hawakutaja kwamba boti ikitoka nje inapita forodha, kwamba msamaha wa kodi unaombwa kabla mzigo haujafika na haushuki mbinguni kwa sababu umeandika "msaada", kwamba siku za bandarini zinahesabiwa hela, wala kwamba chombo kinahitaji kukaguliwa na kusajiliwa TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini. Posho ya semina walichukua lakini.

Umeuliza Australia. Haya. Surf Life Saving Australia inaanzia 1907 na ina klabu zaidi ya 300, na kule mwanachama analipa ada. Ndiyo, analipa ili aende kuokoa watu. Zamu za kujitolea ni wikiendi na sikukuu; siku za kazi, kwenye fukwe zenye watu wengi, halmashauri inaajiri waokoaji wa mshahara. Klabu nyingi zina jengo: baa, mgahawa, ukumbi wa kukodisha. Bia ya Jumamosi ndiyo petroli ya Jumapili. Kuna mafunzo ya watoto, Nippers, yanayowaleta wazazi na ada zao. Ruzuku na wadhamini wapo pia, ila angalia namna: benki ya Westpac inadhamini helikopta za uokoaji tangu 1973. Haikukabidhi helikopta na kuaga. Uingereza nako, RNLI, shirika la hisani la boti za uokoaji la tangu 1824, inategemea sana pesa ambazo watu wanaiachia kwenye wosia.

Huku kwetu usikimbilie ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa vikundi. Ule ni mkopo wa kikundi chenye biashara, na mtu uliyemtoa majini haleti marejesho.

Kwa hiyo mwandikie mfadhili hivi: tunashukuru, boti tutapokea siku ambayo gharama za miezi 12 za mafuta, vipuri, fundi na kibanda zitakuwa kwenye akaunti ya kikundi, zikiwa na watia saini watatu. Pesa ya mwaka kwanza, mashine baadaye. Akikasirika, umeokoa kikundi.

Na mwombe badala yake maboya ya kumvuta mtu majini, kamba za kurusha, mapezi ya kuogelea, filimbi, bendera za nyekundu na njano, na nauli ya zamu. Nauli hasa. Kijana wa kujitolea haachi kwa kukosa moyo, anaacha kwa kukosa daladala. Zamu zenu zifuate jedwali la maji, maana siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, watu wanatembea mpaka kwenye fungu la mchanga maji yakiwa yamekupwa, wanapiga picha, na maji yanajaa nyuma yao kimya kimya. Hapo mtu mwenye boya na mapezi aliyekaa mahali sahihi anafika kabla nyie hamjamaliza kusukuma boti yenye injini ya kilo 50 juu ya mchanga.

Usajili, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii. Rangi ya sare waulize wengine. Sisi fulana tulikuwa nazo nyingi kuliko lita za petroli.