Polio ya Malawi: asili yake ilijulikanaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwaka 2022 tulitangaziwa kwamba mtoto wa Lilongwe aliyepooza kwa polio alikuwa na kirusi chenye asili ya Pakistan. Wataalamu walilijuaje hilo, na je, wanaweza kumtambua aliyekileta?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Ndugu msomaji, kirusi cha polio huzaliana utumboni, na kwa hiyo uchunguzi huanzia chooni. Mtoto akilegea ghafla mkono au mguu, huchukuliwa sampuli mbili za choo, zinazopishana kwa angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu ulegevu uanze. Kirusi kikipatikana, maabara husoma kipande cha jeni zake kiitwacho VP1, chenye herufi za kikemia zipatazo 900. Kirusi kinapojinakili hukosea herufi hapa na pale, na makosa hayo hulimbikizana kwa kasi inayokaribia asilimia 1 kwa mwaka, yaani herufi kama 9, kiasi kwamba kwa kuhesabu tofauti zilizopo kati ya virusi viwili mtaalamu hukadiria viliachana lini.

Jamaa wa karibu wa kirusi cha Lilongwe alikuwa ameonekana katika jimbo la Sindh, Pakistan, Oktoba 2019, ilhali mtoto alipooza Novemba 2021. Kwangu mimi, pengo hilo ni zito kuliko jina la nchi, kwa sababu maana yake ni kwamba ukoo huo ulienea kwa takribani miaka miwili bila kunaswa na maabara yoyote. Polio huweza kujificha hivyo kwa kuwa, kati ya watu 200 walioambukizwa, hata mmoja huenda asipooze. Mei 2022 Msumbiji nayo ilitangaza mgonjwa mkoani Tete, na jeni zikaonyesha ukoo uleule wa Malawi.

Ama kuhusu aliyekileta, hapana. Jeni hutaja ukoo wa kirusi na umri wa tofauti zake, lakini hazitaji msafiri wala njia aliyopita, na katika miaka miwili kirusi huweza kupitia watu wengi wasiojijua. Wanaonyooshea kidole wageni wanabuni tu. Kwa kuwa kirusi hakingojei wagonjwa waonekane, Machi 2022 chanjo ya matone ilitolewa Malawi na pia katika nchi jirani, na kwa upande wa Tanzania ilianzia mikoa ya mpakani, ukiwemo wenu wa Mbeya, ingawa hakuna mtoto wa huko aliyekuwa amepooza kwa kirusi hicho.