Historia ya Machame: anzia Dar kwanza, Ujerumani baadaye

Mkuu, umeuliza vitabu vya kale vya Machame na Wachaga kwa ujumla utavipata wapi kabla hujatuma mtu Ujerumani. Mi ningeanzia maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar, kuna sehemu inaitwa East Africana, ndo wanatunza vitabu adimu vya huku kwetu, vya kusomea humohumo sio vya kuazima, kwa hiyo beba barua ya utambulisho na penseli, maana sehemu kama hizi kalamu ya wino hawaipendi kabisa. Ulizia cha Charles Dundas cha 1924 kuhusu Kilimanjaro, huyu alikuwa bwana shauri wa Mwingereza hapo Moshi na ndo aliwasukuma watu walime kahawa, sasa msome ukijua ni macho ya serikali. Cha Kathleen Stahl cha 1964 kwangu ni kitamu zaidi, kachambua uchifu mmoja mmoja na Machame imo.

Ila picha sasa, weee! Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro 1893 na walipiga picha balaa, nyingi zimewekwa mtandaoni bure na University of Southern California kule Marekani, unakaa zako Moshi na bando la jero unaona mamangi (machifu wa Kichaga), migomba, mashule ya mwanzo. Maelezo mengi ni ya Kijerumani na vijiji wameviandika kivyao, ukitafuta "Machame" ukakosa jaribu "Madschame".