Umekwangua? Maneno machache kwa mnaoanza zamu ya macho

Juzi kwenye raundi, hapa Tanga, kijana wa mafunzo kwa vitendo alisimama kando ya kitanda cha mkata mkonge. Jicho jekundu kama pilipili, kidonda kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho, na usaha umetuama chemba ya mbele, nyuma yake. Nikamuuliza, "Umekwangua?" Akanijibu kwa furaha kabisa, "Bosi, huyu si tumpe rufaa akapigwe ule mwanga?"

Nilimeza mate. Sentensi hiyo naijua, niliwahi kuisema mimi.

1. Kwangua kidonda kabla ya dawa, ujue ni kijidudu gani. Ganzi, wembe, kingo na kitako cha kidonda, slaidi moja ya Gram, rangi ya kuonyesha bakteria, moja ya KOH, kimiminika cha kuonyesha fangasi. Na andikeni jina kwa penseli jamani, spiriti inafuta wino kisha mnakuja kubahatisha slaidi ya nani.

2. Uliza amechomwa na nini. Mkonge, jani la muhindi, kijiti: chochote cha mmea, fikiria fangasi mpaka slaidi ikukatalie. Uliza pia ametia nini, ila uliza kwa adabu. Ukimwambia bibi wa Pangani "Umeweka dawa za kienyeji?" atakana mchana kweupe. Mwambie "Shikamoo bibi, pole, nyumbani walikusaidia na nini?" Atakutajia majani, maziwa ya mama mzazi, na kile kichupa cha deksamethasoni, matone ya steroidi, alichouziwa duka la dawa, ambacho ndicho kilichomharibia zaidi.

3. Sasa huo mwanga. Unatoa ngozi ya juu ya konea, unadondoshea riboflavini, yaani vitamini B2 ileile, halafu unamulika miale ya urujuanimno A ya nanomita 365. Utaratibu wa awali wa Dresden, uliobuniwa kwa keratokonasi, yaani konea inayokonda na kuchongoka, ni miliwati 3 kwa sentimita ya mraba kwa dakika 30. Riboflavini ikipigwa na miale inazalisha oksijeni kali, nayo inafunganisha nyuzi za kolajeni na kuua vijidudu. Matumizi kwenye vidonda yakapewa jina lake mwaka 2013, PACK-CXL. Kitu kizuri, sibishi. Lakini kazi yake inaishia kama mikroni 300 tu kwenda chini.

Mimi nililijua jina kabla ya kuijua hiyo mikroni. Nilikuwa wilayani, kijana, nimetoka kusoma habari zake usiku kucha. Akaja mzee wa kambi ya mkonge, kidonda kirefu kwenda ndani, kingo zimechanika kama unyoya, na vidoa vidogo pembeni. Picha ya fangasi ya kitabuni! Sikukwangua. Nilikaa nikaandika rufaa, na nikiwa mkweli niliiandika kwa kujionyesha: mistari mitatu mizima ya kolajeni, ili huko aendako wajue wilayani kuna msomi. Natamaisini, matone ya kuua fangasi, ilikuwa kabatini, chupa mbili. Sikumwanzishia, nikajiambia afike jicho likiwa "safi".

Mzee hakuwa na nauli. Alirudi kambini kuuza mbuzi. Siku ya nne ndiyo alipanda basi. Kule walimkwangua dakika ileile, nyuzi za fangasi tele, na konea imeshakuwa nyembamba mno kwa kumulikwa. Ikibaki chini ya mikroni 400 miale inaitishia endothelia, tabaka la ndani kabisa la konea. Usiku huo ikatoboka. Jicho likatolewa.

Baada ya miezi miwili akaja na kikapu cha machungwa ya Muheza. "Umenihangaikia mwanangu." Niliyapokea. Sikumwambia kitu. Mpaka leo nikimenya chungwa zamuni huwa natafuta la kufanya na mikono.

Baadaye India wakalipima jambo lenyewe. Jaribio moja la fangasi wa kina kirefu lilisimamishwa mapema kwa sababu waliomulikwa walitoboka zaidi. Lingine, la 2020, halikuona faida ya kuongeza mwanga juu ya matone kwenye fangasi, na huenda uoni ukawa mbaya zaidi. Kwa bakteria wa juujuu habari ni nzuri kidogo, lakini utajuaje ni bakteria kama hujakwangua?

4. Kidonda chenye matawi ni herpesi, kirusi. Usikimulike, miale inaweza kuiamsha upya.

5. Natamaisini inatuama, itikise chupa. Na "kila saa" ni pamoja na saa nane za usiku. Tanga wanasema waja leo waondoka leo. Kidonda cha konea hakijasikia methali hiyo, kitakaa nawe wiki kadhaa, kwa hiyo zoea.

6. Slaidi ya yule mkata mkonge tuliisoma pamoja mchana uleule. Nyuzi tupu, zimegawanyika vizuri, kijana akanyamaza kimya kwenye darubini. Yuko kitanda cha nne. Tone lake linalofuata ni saa kumi usiku, na kwenye ratiba ya zamu naona jina lako.