Jibu: Niuze ngalawa ninunue mashua?
Ndugu yangu, umeuliza kama utajuta ukiuza ngalawa (mtumbwi wenye mirengu, yaani miti ya kando inayouzuia usipinduke) ununue mashua ya familia. Mimi nilihama kutoka ngalawa kwenda mashua miaka mitatu iliyopita. Nafasi ipo: watoto wanne, mama yao na sufuria za pilau, hakuna tena kukalia mrengu. Ila ngalawa tuliivuta ufukweni watu wanne. Mashua ina mkuku (boriti ndefu ya chini kabisa ya chombo), maji yakipwa inalala ubavu, na siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) ukikosea hesabu mtashinda hapo hapo mkisubiri maji yajae. Kalafati (kuziba nyufa za mbao kwa pamba) na deheni (mafuta ya kupaka mbao za chombo) zitengee akiba mapema. Kikundi cha wenye ngalawa nilikiaga rasmi, upatu nikaumaliza kwanza (wewe pia, tafadhali). Asubuhi bado nawasaidia kusukuma vyombo. Siku hizi wananiita tajiri.