Nakwama Mambo ya Walawi

SWALI: Mchungaji, kila Januari naanza Mwanzo. Nikifika Walawi, zile sheria za ukoma wa kuta za nyumba zinanichosha, naacha. Nifanyeje?
Mama Ntilie, Morogoro

JIBU: Pole, mama. Soma Maandiko ya Kiebrania, yaani Agano la Kale, alfajiri kabla hujawasha jiko, na ya Kigiriki, yaani Agano Jipya, jioni ukishafunga hesabu. Sura nne kwa siku humaliza zote 1,189 ndani ya mwaka. Mimi napenda mbili, polepole. Ukifika Walawi 19:18, umpende jirani yako, fungua Mathayo 22:39 umsikie Yesu akiunukuu. Kisha rudi Walawi 19, mstari wa 9 na 10: usivune pembe za shamba, waachie maskini. Kwako wewe muuza chakula, pembe ya shamba ni ipi? Jibu liandike nyuma ya daftari la madeni.