Maswali Yenu: Mnataka Vitabu vya Majoka

Barua nilizopokea safari hii karibu zote zinauliza kuhusu majoka. Nimefurahi, maana hakuna kiumbe wa hadithi ninayempenda kuliko joka. Ila nawaomba tena: mkiandika, tajeni umri wa msomaji na kitabu cha mwisho alichokipenda. "Nipendekezee kitabu kizuri cha majoka" haitoshi. Kizuri kwa nani?

*Nimemaliza kutazama Game of Thrones na House of the Dragon. Sasa nataka kusoma. Nianzie wapi? (Msomaji, Mbarara)*

Swali hili linakuja kila mara, kwa hiyo leo nalijibu kwa urefu, na atakayeliuliza tena nitamwelekeza hapa.

Ukitaka chanzo cha ulichotazama, anza na A Game of Thrones cha George R. R. Martin, kilichotoka mwaka 1996. Jua mapema kwamba majoka wanaanguliwa katika sura ya mwisho kabisa. Kabla ya hapo ni siasa, ndoa na visasi. Jua pia kwamba mfululizo haujakamilika. Kitabu cha tano kilitoka 2011 na cha sita hakijatoka hadi leo. House of the Dragon imetokana na Fire & Blood cha 2018, ambacho kimeandikwa kama tarikh ya wafalme, si kama riwaya. Wapo wanaokifungua wakitafuta mazungumzo na kukiacha ukurasa wa ishirini. Na vyote viwili ni vya watu wazima: kuna ubakaji na mauaji ya kutisha. Usimpe mdogo wako wa S2 (sekondari mwaka wa pili) kwa sababu tu alitazama pamoja nawe sebuleni.

Lakini kuna jambo linaloniuma, na nitalisema. Tamthilia zimewazoesha kumwona joka kama bodaboda ya angani: shujaa anapanda, anaelekeza, anashuka, na mnyama anasubiri hadi atakapohitajika tena. Kitabu bora cha majoka humpa joka akili yake, kumbukumbu yake na matakwa yake. Akifungua kinywa, mtu aogope maneno kabla ya moto.

Kwa hiyo mimi ningekuanzisha na A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, cha mwaka 1968. Ni kitabu chembamba. Ged, mchawi kijana mwenye ngozi ya kahawia iliyokolea, anakwenda na mashua peke yake hadi kisiwa cha Pendor, ambako joka mzee amekalia magofu ya mji. Anawaua majoka wadogo kwanza, kisha mzee mwenyewe anajitokeza. Ulidhani ni mnara wa ngome uliosimama pale, kumbe ni yeye. Hapo vita vinakwisha na mazungumzo yanaanza. Joka anampa Ged kitu anachokihitaji kuliko uhai: jina la kivuli kinachomwinda. Akikubali ataokoka, na watu wa visiwa aliowaahidi ulinzi wataliwa. Ged anakataa, anamtaja joka kwa jina lake la kweli, Yevaud, na kumlazimisha aape kwamba hatavikaribia visiwa vya watu. Kurasa chache tu. Ukizisoma na usisisimke, basi niandikie unieleze unachotafuta, nami nitakutafutia.

*Mwanangu yuko P5, ana miaka kumi. Anapenda majoka. (Mama, Ntinda)*

Ahsante kwa kutaja umri, nyabo. Mchukulie How to Train Your Dragon cha Cressida Cowell. Vitabu ni kumi na viwili, sura fupi, michoro mingi. Mwambie mapema kwamba Toothless wa kitabuni si yule mweusi mkubwa wa filamu. Ni kijoka kidogo, kikaidi na chenye ubinafsi, na ndiyo maana hadithi inavutia. Akishavimaliza, mpe Wings of Fire wa Tui T. Sutherland, ulioanza 2012, ambamo wahusika wakuu ni majoka wenyewe. Humo kuna vita, na majoka wanauana waziwazi. Soma naye sura za mwanzo uone anavyopokea.

*Eragon ni nzuri? (Msomaji, Gulu)*

Ukiwa na miaka kumi na tatu, ndiyo, sana. Christopher Paolini alianza kukiandika akiwa na miaka kumi na mitano, na joka wake Saphira ana akili na kauli. Ukiwa na thelathini, na umeshasoma vingine, utatambua kila kiungo kilikotoka.

*Binti yangu wa miaka 14 anasema darasa zima linasoma Fourth Wing. Nimnunulie? (Baba, Entebbe)*

Hapana. Ni kitabu cha watu wazima, kina matukio ya kitandani yaliyoelezwa bila kuficha kitu, hata kama jalada ni zuri na hadithi inafanyika shuleni. Akifika umri wake ataamua mwenyewe.

Lakini usiishie kumnyima, maana atakiazima kwa mwenzake bwenini. Mpe kitu cha kushindana nacho. Seraphina cha Rachel Hartman (2012) kina majoka wanaojigeuza watu, mabingwa wa hesabu wanaodharau hisia, wakiishi kwa mkataba wa amani na binadamu ambao kila upande unautilia shaka. Kingine ni To Shape a Dragon's Breath cha Moniquill Blackgoose (2023). Humo Anequs, msichana wa kisiwa kilichotawaliwa na wageni, anaokota yai la joka, na wageni wanamtaka aende kwenye chuo chao akajifunze kumlea kwa njia yao, kwa lugha yao, la sivyo joka wake auawe. Binti yeyote wa hapa aliyewahi kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya kwao shuleni atamwelewa Anequs kabla sura ya tatu haijaisha. Kisomeni wote wawili.

*Nitumie PDF za bure. (Wengi mno)*

Msiniandikie tena kwa jambo hili. Mwandishi ni mfanyakazi.

Mkitaka vya bure kwa halali, vipo: The Reluctant Dragon cha Kenneth Grahame (1898), The Book of Dragons cha E. Nesbit, na tafsiri za zamani za Beowulf, utenzi wa kale wa Kiingereza, vyote viko Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, na hakimiliki zake zimekwisha. Na mjihadhari na nakala zinazotandazwa kando ya barabara zikiwa mpya mno kwa bei ya chini mno. Fungueni katikati kabla ya kulipa. Mara nyingi maandishi yamekatwa pembeni, au ukurasa wa 96 unafuatwa na wa 129. Vitabu vya mitumba halisi, vilivyochakaa na kuandikwa jina la mtoto wa Ulaya ndani, ni ununuzi bora zaidi.

*Mchungaji wetu amesema joka ni shetani, na mtoto akisoma vitabu hivi anafungua mlango. Nimevitoa vyote ndani ya nyumba. Nimekosea? (Mama, Mukono)*

Mama, nyumba ni yako na mtoto ni wako, na sitamtukana mchungaji wako. Hoja yake ina msingi. Katika Ufunuo sura ya 12 joka mwekundu mwenye vichwa saba ni Ibilisi, na Mikaeli anapigana naye. Ila tazama joka anafanya nini hapo: anapigwa vita na kushindwa. Mtakatifu George amechorwa juu ya farasi akimchoma joka kwa mkuki katika makanisa tangu Ethiopia hadi Uingereza, na waumini hawajafunikwa macho wasimwone joka.

The Hobbit kiliandikwa na J. R. R. Tolkien, Mkatoliki aliyeshika dini yake maisha yote, na kilitoka mwaka 1937. Joka wake Smaug amelalia dhahabu ambayo hawezi kuila, kuivaa wala kuitumia. Bilbo, shujaa wa kitabu, anaiba kikombe kimoja tu katika lundo lile, na Smaug akiamka anajua papo hapo kwamba kimepungua. Tolkien alikuwa profesa wa Kiingereza cha kale huko Oxford, na kisa cha kikombe kilichoibwa alikijua vizuri kutoka Beowulf. Kisha anaongeza jambo zito. Joka anakufa, lakini uchu wake haufi. Unampata Thorin, mfalme mwema, akawa tayari kupigana na majirani wenye njaa kuliko kugawana nao. Unampata mkuu wa mji wa ziwani, ambaye anakimbia na dhahabu ya msaada wa watu wake na kufia nyikani kwa njaa. Sijui mahubiri mengi yanayomweleza mtoto uovu wa kujilimbikizia mali kwa uwazi huo, na sisi tunaoishi Uganda tuna sababu ya kutaka watoto wetu wauelewe mapema.

Kisome wewe kwanza, peke yako. Kisha amua. Ukikisoma na dhamiri ikaendelea kukukataza, ifuate. Kutoa vitabu ambavyo hujavifungua ndiko ninakopinga.

*Sina muda wa mfululizo. Kitabu kimoja tu, kiishe. (Wakili, Kampala)*

Tooth and Claw cha Jo Walton, 2003. Wahusika wote ni majoka, wanavaa kofia na kwenda kanisani. Baba anafariki, na desturi ni kwamba watoto wanaula mwili wake, kwani nyama ya joka ndiyo inayowakuza. Mkwe tajiri anakula zaidi ya haki yake, na mwana wa marehemu anamshtaki mahakamani. Wewe uliyeketi kwenye kesi za mirathi na vibanja utawatambua wahusika hawa kwa majina ya wateja wako.

*Kwa nini Afrika haina majoka? Kila kitabu ni Ulaya. (Msomaji, Jinja)*

Ndugu yangu, unaandika kutoka Jinja, kando ya Nalubaale (Ziwa Victoria), na unaniuliza hilo? Lukwata, dubwana la majini, yuko ziwani humo katika masimulizi ya wavuvi tangu kabla ya wakoloni, nao walipofika wakayaandika. Ethiopia wana Arwe, nyoka aliyekuwa mfalme, aliyepelekewa mifugo na mabinti hadi mtu mmoja akamuua na kutawala badala yake.

Na Buganda kuna Bemba. Bemba Musota, yaani Bemba Nyoka, alitawala Buddo, na alikuwa katili. Simulizi moja inasema kobe alimwendea kama mgeni. Usiku ukafika, kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba. Asubuhi akakitoa. Bemba akaduwaa. Kobe akamweleza kwamba kwao hukata vichwa kila jioni na kuvirudisha kukicha, na ndiyo maana hawafi. Bemba akatamani kutokufa. Akanyoosha shingo mwenyewe ikatwe, na Kintu, anayesimuliwa kuwa mfalme wa kwanza wa Buganda, akapata ufalme. Hadi leo Kabaka, mfalme wa Buganda, anatawazwa Naggalabi, Buddo, kulikofanyika hayo. Kabaka wa sasa, Ronald Muwenda Mutebi II, alitawazwa hapo mwaka 1993.

Angalia alivyokufa Bemba: kwa mazungumzo, na kwa tamaa yake. Hicho ndicho ninachokitafuta katika kila kitabu cha majoka, na kimelala kilimani, umbali mfupi kutoka Kampala. Vijana wananiletea miswada yenye majoka wanaopumua moto juu ya milima ya theluji ambayo hawajawahi kuiona, na hata wakiwa na Rwenzori wanaweka theluji ya Ulaya. Andikeni Bemba. Msimpe moto, hakuwa nao. Mpeni ikulu, washauri waoga, na hofu ya kifo. Na andikeni kwa Kiswahili pia, asome mtu wa Busia na wa Arua bila mkalimani.

Wakati mnaandika, someni Empire of Ivory cha Naomi Novik, cha nne katika mfululizo wa Temeraire ulioanza 2006. Ni vita vya Napoleon vikipiganwa na vikosi vya majoka. Majoka wa Uingereza wanaugua na dawa iko Afrika. Huko wageni wanakutana na Watswana, ambao kwao joka ni babu aliyerudi, analelewa kwa kusimuliwa maisha yake ya kwanza hadi ayakumbuke. Mababu hao wakigundua watoto wao wanachukuliwa utumwani, wanaruka kwenda pwani na kuzibomoa ngome za watumwa. Mwandishi ni Mmarekani. Nasema hivyo kwa heshima kwake na kwa masikitiko juu yetu.

*Vitabu vya Pern vya Anne McCaffrey ni fantasia au sayansi? (Msomaji, Mbale)*

Sayansi yenye sura ya fantasia: ni sayari iliyohamiwa na watu, na majoka walitengenezwa kutokana na viumbe wadogo wa huko. Anza na Dragonflight, 1968. Baadhi ya mahusiano ya wanaume na wanawake humo yananiudhi, na hayatakupendeza.

*Nimemaliza A Wizard of Earthsea kama ulivyoshauri zamani. Vingine nifuate utaratibu gani, na naweza kuruka Tehanu? Wanasema hakuna vita. (Msomaji, Soroti)*

Fuata miaka ya kutoka: The Tombs of Atuan, The Farthest Shore, Tehanu, Tales from Earthsea, The Other Wind. Tehanu usikiruke kwa hali yoyote. Le Guin alisubiri tangu 1972 hadi 1990 ndipo akakitoa, na ndicho kinachofichua kwamba zamani watu na majoka walikuwa taifa moja. Bila hicho, The Other Wind hutakielewa. Kinaanza na mtoto wa kike aliyechomwa moto na watu wake mwenyewe, kwa hiyo usikisome kwa sauti mbele ya wadogo. Na mwishoni, joka Kalessin akishuka, soma polepole.