Jibu kwa aliyeuliza: Kwa nini mjomba wangu mwenye MS anazidi kudhoofika?

Waalaikum salaam ndugu yangu wa Mkoani, Pemba. Umeuliza kwa nini mjomba wako anadhoofika kwa kasi kuliko mgonjwa mwengine mliyekutana naye Dar, na kama ni kweli joto la kaskazi ndilo linalommaliza. Nakujibu kama mgonjwa mwenzake. Niko Wete, nina MS (multiple sclerosis, ugonjwa ambao kinga ya mwili inalishambulia ganda la mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo na kuacha makovu) ya aina hiyohiyo, ile inayomteremsha mtu polepole tangu mwanzo, na natembea kwa bakora.

Nianze na joto, maana hapo wengi wanavunjika moyo bure. Joto haliuzidishi ugonjwa. Ganda la mshipa wa fahamu likishachunika, mwili ukipata moto kidogo tu amri ya ubongo inakwama njiani: miguu inakuwa mizito, macho yanaingia ukungu. Ukipoa, unarudi ulivyokuwa. Daktari wa macho wa Kijerumani, Wilhelm Uhthoff, aliyaandika haya tangu 1890. Kwa hiyo mjomba akilegea mchana wa Februari kisha usiku akapata nafuu, huko siko kuzidi kwa maradhi. Mimi shughuli za kutembea nazimaliza asubuhi, na kabla ya adhuhuri najimwagia maji ya baridi.

Ninachokiogopa zaidi ni mkojo. Kibofu chetu mara nyingi hakimaliziki, mkojo unabaki, vijidudu vinazaliana, na homa ikipanda miguu inakufa ndani ya siku chache. Yalinifika. Nilishindwa hata kujigeuza kitandani, na nyumbani walishaanza kunisomea Yasini. Mkojo ulipopimwa nikapewa dawa, nikainuka. Lakini kule kulala kuliniachia udhaifu uliochukua muda mrefu kuondoka, kwa sababu misuli isiyotumika inanywea upesi. Basi akishuka ghafla, mpimeni mkojo na malaria kabla hamjasema ugonjwa umefika mwisho. Na hata akiwa kitandani, mnyoosheni viungo na mgeuzeni, asije akapata vidonda vya mgongo.

Sasa kasi yenyewe. Yapo yasiyo mikononi mwetu: umri kwanza, kwani mwili kadiri unavyozeeka uwezo wa kujitengeneza unapungua, wanaume aghalabu huteremka haraka zaidi, na mwenye makovu katika uti wa mgongo huumia miguu kuliko mwenye makovu ya ubongo peke yake. Huenda tofauti ya mjomba na yule wa Dar ni hiyo tu.

Yaliyo mikononi mwetu ni sigara, presha na sukari. Utafiti umeonesha wavutaji wanafika kwenye bakora mapema, na anayeacha anajipunguzia kasi, hata akiacha baada ya kuugua. Kama mjomba anavuta, hapo ndipo pa kuanzia, wala hapahitaji nauli ya boti. Vitamini D akipungukiwa aongezewe, ila msitarajie vidonge hivyo visimamishe ugonjwa.

Dawa ipo, okrelizumabu, iliyoidhinishwa Marekani 2017, ya kwanza kwa aina yetu. Haiponyeshi, katika majaribio ilipunguza hatari ya ulemavu kuongezeka kwa karibu robo. Bei yake mavuno ya karafuu ya ukoo mzima hayaifikii, nalisema kwa uchungu. Mkibahatika kuipata, lazima kwanza apimwe homa ya ini aina ya B, maana dawa inaweza kuiamsha.

Mwisho, mwambieni daktari amwandikie namba ya kipimo cha Kurtzke, kinachoonesha ulemavu wa MS umefika wapi, kila mkienda. Kinaanzia 0 hadi 10, na 6 ni yule anayehitaji bakora kutembea mita 100. Linganisheni mwaka kwa mwaka, msilinganishe jana na leo.

Niandikie: anavuta? Presha yake ilipimwa lini? Na mkojo, anaumaliza au anarudi chooni baada ya dakika chache?